Aliniapisha nisimrudishe kwenye kisu, sasa akili yake inazama

Shikamoo Bibi,

Naomba jina langu libaki kwako, na kijiji chetu usikitaje. Huku Kigoma mtu akisoma "mume wake alianguka kwenye mchikichi" bado hatajua ni nani, maana tuko wengi, lakini ukiweka na kijiji atajua kabla hajamaliza mstari.

Mume wangu ni mkwezi. Alikuwa mkwezi, ulimi wangu bado haujazoea. Kazi aliirithi kwa baba yake pamoja na ekari moja na nusu ya michikichi ya zamani, ile mirefu. Novemba mwaka juzi, asubuhi baada ya mvua, kamba ya kukwelea ilikatika akiwa juu kabisa, akaja chini na mkungu wake. Wenzake walimbeba mgongoni hadi barabarani, wakamkalisha kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Walimwokoa kwa namna waliyoijua.

Kilichovunjika ni pingili ya nne ya kifua. Tulipelekwa hospitali ya rufaa nje ya mkoa, akapasuliwa na kuwekewa vyuma. Wiki ya tatu kidonda kikaanza kuvuja majimaji maangavu kama maji ya kunywa, shuka inaloa. Homa ikapanda, akarudishwa chumba cha upasuaji mara ya pili. Tulikaa wodini wiki 11. Miguu haikurudi, na mkojo unapita kwenye mpira hadi leo.

Usiku wa kuamkia siku ya kuruhusiwa aliniomba nitoe msahafu kwenye begi. Akaniambia, "Weka mkono hapa. Uape kwamba hutanirudisha tena kwenye kisu, hata nikiwa sijitambui." Niliapa. Bibi, usiku ule ningeapa lolote aliloniambia.

Nyumbani alinishangaza. Mtu niliyedhani atalala akitazama bati alijifunza kutengeneza simu. Akaweka meza barazani, akanunua bisibisi na kifaa cha kulehemu, na daftari kubwa ambalo kila simu ikiingia anaandika tarehe, jina la mwenyewe, tatizo na bei. Kuna mwezi alituingizia hela kuliko alizowahi kupata kwenye mawese. Jioni kijana wetu wa miaka 11 anamshikia tochi, binti yetu wa miaka sita anapanga vifuniko.

Halafu, kuanzia kama mwezi wa Shaabani, akaanza kupoa. Mwanzo nilidhani uvivu. Analala mchana. Simu ya mtu inakaa wiki mbili mezani. Unamwuliza swali, jibu linakuja baada ya wewe kusahau uliuliza nini. Skrubu zinamponyoka mkononi. Ramadhani, nikiwa na njaa na uchovu, mteja alikuja kugomba mlangoni kwa ajili ya simu yake, nikamgeukia mume wangu mbele ya watu nikasema, "Ajali ilivunja mgongo wako, haikuvunja akili!" Akanitazama tu, wala hakukasirika. Siku hizi naona afadhali angekasirika.

Baada ya Idi kikaja kichwa cha asubuhi, anaamka nacho, na mara nyingine anatapika. Akikalishwa kwenye kiti muda mrefu kinapungua. Ikifika saa nne hivi anakuwa karibu na zamani, anatania. Mchana anazama tena. Siku moja alimwita kijana wetu kwa jina la mdogo wake aliyefariki. Mtoto alikuja kulia jikoni kwangu.

Tulianza na vipimo vya malaria, kisha mkojo, akapewa dawa za U.T.I. akapata nafuu ya siku tatu. Mwishowe daktari kijana mmoja akasema apigwe picha ya CT ya kichwa. Nilimwambia kilichovunjika ni mgongo. Akasema apigwe tu. Majibu: maji yamejaa kwenye ubongo. Ametuandikia rufaa, anasema huenda akawekewa mpira wa kuyatoa maji kichwani kuyapeleka tumboni. Rufaa ina wiki mbili sasa, iko kwenye kabati.

Mama mkwe anasema maji ya kichwa ni ugonjwa wa watoto wachanga, mtu mzima akiambiwa hivyo ujue amechezewa. Shemeji, kaka yake mkubwa, anajua mganga upande wa Uvinza. Anasema pia kwamba ubongo ukiguswa mtu anakuwa zezeta, na kwamba mimi nataka shamba liuzwe, kwa kuwa hatuna njia nyingine ya kupata nauli na gharama isipokuwa ile ekari na nusu. Na shemeji anajua kiapo changu. Ananiambia, "Uliapa kwa msahafu, shemeji. Wewe mwenyewe uliapa."

Nikimpeleka, nimemsaliti mume wangu na kiapo changu. Nisipompeleka, nitakaa namwangalia anavyoondoka akiwa bado amekaa mbele yangu. Mume wangu alipata ajali ya mgongo, Bibi. Maji ya kichwani yametoka wapi?

Mke wa mkwezi, Kigoma

*

Marahaba mjukuu wangu.

Barua yako niliisoma jioni, nikaiweka, nikairudia asubuhi. Nilimsomea pia rafiki yangu mmoja, bila jina wala mkoa, ambaye alifanya uuguzi wodi ya majeruhi wa mgongo hadi alipostaafu. Nilipofika kwenye shuka iliyoloa majimaji maangavu alinisimamisha akasema, "Rudia hapo." Nitakueleza kwa nini.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mambo matatu kwenye kichwa kimoja. Mume wako anabadilika na picha imesema sababu. Dawa ya sababu hiyo inaonekana kuwa kile hasa ulichoapa hutamfanyia. Na wenye sauti kwenye ukoo wameshika upande wa kiapo, kila mmoja kwa sababu yake. Chini ya hayo matatu kuna la nne ambalo umelipitia haraka, lile neno la Ramadhani. Nitalifikia.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani ukipata jibu lake hata kikao cha ukoo kitabadilika kidogo.

Ubongo na uti wa mgongo vinaogelea ndani ya maji mamoja, kwenye mfuko mmoja. Mtu mzima ana kama mililita 150 tu za maji hayo, nusu ya chupa ndogo ya soda. Lakini mwili hautulii: kwa siku moja unatengeneza kama mililita 500, yanazunguka ndani ya vyumba vya ubongo, yanatoka, yanashuka mgongoni, yanapanda, kisha yananyonywa na kurudi kwenye damu. Kinachoingia na kinachotoka vinatakiwa vilingane. Njia ikiziba, au pale yanaponyonywa pakachafuka, maji yanaendelea kutengenezwa na hayana pa kwenda. Vyumba vya ubongo vinatanuka.

Kwa kichanga, mifupa ya fuvu haijaungana, ndiyo maana kichwa kinakua na kila mtu anakiona. Mama mkwe wako hakusema uongo, alisema alichokiona maishani mwake. Fuvu la mtu mzima limefunga. Halikui hata kidogo, kwa hiyo kinachobanwa ni ubongo wenyewe, na kwa nje huoni kitu isipokuwa tabia.

Sasa, mgongo unahusikaje? Ni nadra, na nadra hiyo ndiyo iliyowafanya mzunguke na malaria na U.T.I. kwanza, simlaumu mtu hapo, hayo ndiyo yanayompata aliyeumia uti kila leo. Lakini inatokea. Damu iliyomwagika ndani ya ule mfuko siku ya ajali inaweza kuacha uchafu unaoziba mahali pa kunyonyea maji. Ngozi laini ya mfuko ikichanika, maji yanavuja. Na palipo na uvujaji wadudu wanaweza kupata njia ya kuingia, wakaacha makovu yanayoziba polepole, miezi mingi baadaye. Ndiyo maana rafiki yangu alinisimamisha. Shuka ile iliyoloa na homa iliyofuata huenda vikawa na uhusiano na haya ya leo, au visiwe nao. Kuna na jambo la tatu: mtu anayeanguka kutoka juu ya mchikichi mrefu hatui kwa mgongo peke yake. Kichwa kinaweza kuwa kilipigwa na kisiangaliwe sana kwa kuwa miguu ndiyo iliyokuwa inapiga kelele. Mimi siwezi kujua ni lipi. Ila majimaji yale na upasuaji wa pili mweleze daktari atakayempokea, hata kama hajauliza, kwa sababu karatasi za hospitali moja hazifiki nyingine daima.

Kuna jambo lingine kuhusu mume wako ambalo lilinikaa. Madaktari hufundishwa kuutambua ugonjwa huu kwa mtu mzima kwa dalili tatu: kutembea kunaharibika, mkojo unamponyoka, na akili inapunguza mwendo. Mume wako hatembei na ana mpira. Ajali ilishachukua dalili mbili kabla ugonjwa haujafika, ikabaki moja, na hiyo moja kwa macho ya nyumbani inafanana kabisa na uvivu, au na mtu aliyekata tamaa.

Nadhani unaona ninakokwenda na lile neno lako la Ramadhani. Sitakuambia usijisikie vibaya. Ulilisema, na lilikuwa kali. Ninachokuuliza ni hiki: je, siku ile ulikuwa unamsema mgonjwa, au ulikuwa unamsema mtu uliyemwamini kuwa mzima? Maneno yako yanaonyesha bado ulimwona ni fundi, mtu wa kudaiwa kazi ya watu, wakati wengine walishamhesabu kuwa wa kulishwa tu. Hilo halifuti ukali. Lakini si chuki iliyosema pale barazani. Na ikiwa saa nne asubuhi anatania, basi saa nne asubuhi anaweza pia kusikia neno "nisamehe". Usilisubirishe hadi ajue kila kitu kilichotokea.

Tuje kwenye kiapo.

Umeandika kana kwamba mambo ni mawili, kisu au uaminifu. Nakuomba urudi kwenye usiku ule wodini. Mtu aliyekuapisha alikuwa ametoka kupasuliwa mara mbili kwa ajili ya miguu ambayo haikurudi. Aliposema "kisu" alikuwa anakikataa nini? Maumivu? Kuwa mbali na watoto? Hela kuteketea bila matokeo? Au alikuwa anakataa kuishi zaidi kwa hali ile, na hakupata namna nyingine ya kulisema? Ni vitu vinne tofauti. Ikiwa ni kile cha kwanza hadi cha tatu, huenda hakuwahi kufikiria kisu ambacho lengo lake si miguu bali kumrudishia yale maongezi ya saa nne. Ikiwa ni cha nne, basi ni mazungumzo mazito zaidi. Hapo meza ile, bisibisi zile na daftari nalo ni maneno yake pia, aliyoyasema baada ya kiapo, kwa mikono yake. Lakini maana yake mimi siijui. Anayeweza kuisema ni yeye.

Halafu alisema "hata nikiwa sijitambui". Hilo siwezi kulipita juu juu, kwa sababu alijua anachokifunga. Wapo watakaokuambia mtu mwenye maji kichwani hawezi kuamua, amua wewe. Wapo watakaokuambia alishaamua. Mimi naona kuna saa moja au mbili za siku ambazo hakuna aliyezitumia bado. Kichwa kinachouma akiamka na kupungua akikaa ni desturi ya ugonjwa wenyewe: mtu akilala, mgandamizo unapanda, akikaa unashuka. Kwa hiyo ile saa nne yako si bahati. Mkalishe mapema, anywe chai, umweleze kwa vipande vidogo vidogo. Usimwulize "unataka kupasuliwa?" Mwambie picha ilionyesha nini. Mwache ayarudie kwa maneno yake, uone ameshika nini. Mweleze mpira unaosemwa ni upi, kwa sababu akisikia "mpira" atafikiri ule wa mkojo, na huo anaujua na kuuchukia. Urudie kesho yake na keshokutwa saa ile ile; jibu likiwa lile lile siku tatu, ni jibu lenye uzito. Na ningependa shemeji yako awepo angalau mara moja, akae asikie mwenyewe.

Kuhusu msahafu, mimi si mwanachuoni. Ila ulipoapa uliapa wewe, na dini yenu ina mlango wa mtu aliyeapa kisha akaona lililo bora zaidi ya alichokiapia. Kafara yake imetajwa katika sura ya Al-Maida: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Mpelekee imamu wa msikiti wenu swali lote, pamoja na maneno "hata nikiwa sijitambui", usilipunguze. Huenda akakuambia jambo ambalo halitakufurahisha. Lakini shemeji akilitaja tena, utakuwa umeuliza kwa mwenye elimu, na wewe na yeye mtaacha kulitumia kama fimbo.

Sasa mpira wenyewe, kwa sababu nisingependa uende ukiwa umeuziwa ndoto. Ni mrija mwembamba wenye vali ndogo, yaani kilango kinachopitisha maji upande mmoja. Ncha moja inaingia kwenye chumba cha maji ndani ya ubongo, mrija unashuka chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, unaishia ndani ya tumbo ambako maji yananyonywa. Kwa nje hakining'inii kitu. Mmoja wa waliobuni vali yake alikuwa fundi wa kiwanda cha makufuli huko Marekani, John Holter, ambaye mwanawe alizaliwa na maji kichwani; vali hiyo ilianza kutumika mwaka 1956. Nalitaja hili kwa ajili ya mume wako, sijui kwa nini, nadhani fundi angependa kujua kuwa fundi mwenzake ndiye aliyekitengeneza.

Mrija huu unaweza kufanya nini? Mwaka 1957 huko Bogotá, nchini Kolombia, daktari Salomón Hakim alikuwa na kijana wa miaka 16 aliyepata ajali ya gari, amelala hajibu. Baada ya kuchota maji kidogo ya uti wa mgongo, kijana akaanza kuzungumza. Visa kama hivyo vipo, na ndivyo vilivyowafundisha madaktari kwamba akili iliyozama kwa sababu hii inaweza kuibuka. Lakini si kila mtu anaibuka, na hakuna anayeibuka na miguu. Mkifanya hivi kwa matumaini ya miguu, mtaumia mara ya tatu.

Hatari zake: mrija unaweza kuziba, na ukiziba dalili zinarudi, wakati mwingine kwa kasi kuliko mwanzo. Unaweza kuingiwa na wadudu, hasa miezi ya mwanzo, na kwa mtu ambaye mkojo wake unapita kwenye mpira na ana historia ya kidonda kilichovuja, daktari lazima ahakikishe hakuna maambukizi popote kabla ya kuuweka. Unaweza kutoa maji kupita kiasi na kuleta damu pembeni ya ubongo. Maana yake mrija huo unahitaji kuangaliwa maisha yote. Nanyi mnakaa Kigoma. Wapasuaji wa ubongo wa kudumu utawapata hospitali ya Bugando kule Mwanza au Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, na kote huko si safari ya kurudi jioni. Swali la kumwuliza daktari, basi, ni pamoja na hili: ukiziba usiku, hatua yetu ya kwanza ni ipi na tunaenda wapi? Kuna njia nyingine ya kutoboa kitundu ndani ya ubongo maji yapite bila mrija. Kule Mbale, Uganda, wamewafanyia watoto wengi tangu miaka ya 2000 mwanzoni. Inafaa zaidi pale ambapo kuna mahali pamoja palipoziba. Uliza kama yeye ni wa aina hiyo.

Uliza pia kuhusu skrubu zinazomponyoka. Ajali ya pingili ya nne ya kifua iliiacha mikono. Mikono ikianza kudhoofika sasa inaweza kuwa ni hayo maji ya kichwani, lakini inaweza pia kuwa uvungu wa maji unaotanuka ndani ya uti wenyewe, kupanda juu kutoka palipoumia. Picha ya kichwa haiuonyeshi. Unahitaji picha ya MRI ya mgongo na shingo.

Naona mnaogopa kwamba kwenda ni kukubali. Rufaa inakupeleka kwa mtu wa kuwaangalia, haikupeleki moja kwa moja kwenye meza ya upasuaji. Mnaweza kufika, mkasikiliza, mkauliza yote haya, mkarudi na "hapana" yenu. Hiyo ingekuwa hapana inayojua inakataa nini. Lakini nisikufiche, ukifika huko kuna msukumo, kila mtu amevaa koti jeupe na kalamu iko tayari. Mkubaliane kabla, wewe na yeye na shemeji, kwamba karatasi haisainiwi siku ya kwanza isipokuwa ni dharura.

Kukaa nyumbani nako ni uamuzi, na una saa yake. Wapo ambao hali hukaa hivyo hivyo muda mrefu. Wapo ambao huanguka ghafla. Hakuna dawa ya kumeza ya kutegemea kwa muda mrefu, ya hospitali wala ya mizizi. Mganga wa Uvinza sitamsema nisiyemjua; naelewa mama aliyemzaa mkwezi anatafuta mkono wa mtu nyuma ya kamba iliyokatika, maana kamba peke yake ni jibu dogo mno kwa mzazi. Ninachokuomba ukilinde ni ngozi yake: asichanjwe chale kichwani wala mgongoni, asifukizwe mvuke wa moto mahali asipohisi, kwa sababu ataungua bila kujua. Mengine mjadiliane.

Na yapo mambo mawili yasiyosubiri kikao chochote. Akiwa haamshiki vizuri, akitapika mfululizo, akipata degedege, akiona vitu viwili viwili, au homa na shingo ngumu, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. La pili ni tofauti kabisa: kichwa kinachomgonga ghafla, uso ukatoka jasho na kuwa mwekundu. Kwa aliyeumia juu ya pingili ya sita ya kifua, mara nyingi hiyo ni presha iliyoruka kwa sababu mwili chini ya jeraha unalalamika. Mkalishe wima, legeza nguo, kagua mpira wa mkojo kama umejikunja au umeziba, fikiria choo kigumu, kagua kama kuna kidonda. Kisipotulia upesi, kimbia naye. Presha hiyo inaweza kuua. Mfundishe na kijana wako kuangalia ule mpira.

Shamba. Umesema hamna njia nyingine, nami nauliza: umeshaenda dirisha la ustawi wa jamii la hospitali? Wapo kwa ajili ya watu wa hali yenu, na msamaha wa gharama, wote au sehemu, hupitia kwao. Si uhakika, na nauli hawatalipa. Lakini uliza gharama iliyoandikwa kabla hujamwuliza mtu bei ya ekari. Na kuhusu shemeji: shamba lile lilipandwa na baba yake pia. Inawezekana anaficha uchoyo nyuma ya msahafu. Inawezekana vilevile kwamba amempoteza mdogo wake mmoja, wa pili yuko hivi, na kitu pekee cha baba kilichosimama wima ni michikichi. Kukodisha mavuno ya misimu miwili badala ya kuuza kungemwacha na kitu cha kushika mkononi. Sijui kama atakubali. Mjaribu ukiwa peke yako naye, si mbele ya mama.

Mkiamua kusafiri, msiende kama abiria wa kawaida. Kwenye kiti cha basi ngozi ya makalio asiyoihisi inaweza kuanza kuharibika kwa saa chache. Beba mto wake wa kiti, ainuliwe au aegeshwe upande kila baada ya muda mfupi, na mkipata nafasi ya treni yenye behewa la kulala, ni nzuri zaidi hata kama inachelewa.

Na lile daftari la simu mlibebe. Kila ukurasa una tarehe na mwandiko wake. Rafiki yangu anasema daktari akiligeuza kutoka Shaabani kurudi nyuma, ataona mwenyewe ni wiki gani herufi zilianza kulala, na hilo hakuna picha itakayomwambia. Mwombe mume wako alibebe yeye, mapajani.